Mafao ya ulemavu ya Hifadhi ya Jamii nchini Marekani

Mafao ya ulemavu ya Hifadhi ya Jamii nchini Marekani ni malipo ya kila mwezi ambayo serikali kuu ya nchi hiyo huwapa watu wasioweza kufanya kazi kwa sababu ya maradhi au ulemavu wa muda mrefu. Yanasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii (kwa kifupi SSA), yenye makao makuu Woodlawn, jimbo la Maryland, karibu na mji wa Baltimore.

Sheria inayoongoza mafao haya haitoshelezwi na ugonjwa peke yake. Mtu anaweza kuwa na saratani, kisukari au maumivu makali ya mgongo, akathibitishwa na madaktari, na bado ombi lake likakataliwa. Kinachopimwa ni kama hali yake inamzuia kufanya kazi ya aina yoyote inayopatikana kwa wingi nchini, na kama kizuizi hicho kimedumu au kinatarajiwa kudumu angalau miezi 12, au kuishia katika kifo. Kwa sababu hiyo waombaji wengi hukataliwa mara ya kwanza, na baadhi yao hupata haki yao baada ya rufaa tu.

## Aina mbili za mafao

Kuna mipango miwili inayotumia tafsiri moja ya ulemavu kwa watu wazima, lakini yenye masharti tofauti ya fedha.

### Bima ya ulemavu (SSDI)

SSDI ni bima. Wanaoipata ni wale waliofanya kazi na kulipa kodi ya Hifadhi ya Jamii. Mwajiriwa hukatwa asilimia 6.2 ya mshahara wake, na mwajiri hulipa kiasi kama hicho. Anayejiajiri hulipa zote mbili, yaani asilimia 12.4. Sehemu ndogo ya kodi hiyo huingia katika mfuko maalumu wa ulemavu, na inayobaki hulipia pensheni za wazee na mafao ya warithi.

Uchangiaji hupimwa kwa kredi. Mwaka 2025 mtu alipata kredi moja kwa kila dola 1,810 alizochuma, hadi kredi 4 kwa mwaka. Kwa kawaida anayepata ulemavu akiwa na umri wa miaka 31 au zaidi huhitaji kredi 20 katika miaka 10 iliyotangulia ulemavu, pamoja na jumla ya kredi inayopanda kulingana na umri hadi kufikia 40. Vijana huhitaji chache zaidi: aliye chini ya miaka 24 anaweza kustahili kwa kredi 6 za miaka 3 iliyopita. Vipofu hawatakiwi kutimiza sharti la kazi ya miaka ya karibuni.

Sharti la miaka 10 lina matokeo ambayo wengi huyagundua wakiwa wamechelewa. Mfanyakazi wa muda mrefu akiacha kazi na kutochangia tena, bima yake huisha baada ya takriban miaka mitano. Akiomba baada ya hapo, ni lazima athibitishe kwamba ulemavu wake ulianza kabla ya tarehe ya mwisho ya bima. Mgonjwa aliyekaa nyumbani miaka saba akitumaini kupona anaweza kukosa SSDI hata kama sasa hawezi kuinuka kitandani, ikiwa hana kumbukumbu za hospitali za miaka ile ya mwanzo.

Kiasi cha malipo hutegemea mapato ya maisha yote ya kazi. Mwanzoni mwa 2025 wastani wa malipo kwa mfanyakazi mwenye ulemavu ulikuwa takriban dola 1,580 kwa mwezi. Akiba ya benki, nyumba au mapato ya mwenzi wa ndoa haviathiri haki ya kupata SSDI. Watoto wadogo, na katika hali fulani mume au mke, wanaweza kulipwa pia kwa jina la mfanyakazi huyo, ndani ya kikomo cha familia.

### Nyongeza ya kipato (SSI)

SSI hulipwa kwa watu wenye kipato kidogo na mali chache ambao ni walemavu, vipofu, au wenye umri wa miaka 65 na kuendelea. Haihitaji historia ya kazi, na fedha zake hutoka katika mapato ya jumla ya serikali badala ya kodi ya Hifadhi ya Jamii. Watoto wenye ulemavu kutoka familia maskini wanaweza kuipata pia.

Mwaka 2025 kiwango cha juu cha serikali kuu kilikuwa dola 967 kwa mwezi kwa mtu mmoja na dola 1,450 kwa wanandoa ambao wote wanastahili. Baadhi ya majimbo huongeza kiasi chao. Mwombaji hapaswi kuwa na mali inayozidi thamani ya dola 2,000, au dola 3,000 kwa wanandoa. Viwango hivyo havijabadilika tangu 1989. Nyumba anayoishi na gari moja havihesabiwi. Tangu mwisho wa Septemba 2024 chakula anachopewa na ndugu au marafiki hakipunguzi tena malipo yake.

Mtu anaweza kupata SSDI na SSI kwa pamoja ikiwa malipo yake ya SSDI ni madogo sana.

## Historia

Sheria ya Hifadhi ya Jamii ilitiwa saini na Rais Franklin D. Roosevelt tarehe 14 Agosti 1935, wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi. Haikuwa na bima ya ulemavu. Kwa miaka 20 iliyofuata pendekezo la kuiongeza lilipingwa na wengi, wakiwemo chama cha madaktari wa Marekani na kampuni za bima. Hoja yao kubwa ilikuwa kwamba ulemavu ni vigumu kuuthibitisha, na kwamba gharama zingepanda kila mara uchumi unapoyumba na watu kukosa kazi.

Mwaka 1956 kifungu cha bima ya ulemavu kilipita katika Seneti kwa kura 47 dhidi ya 45, na Rais Dwight D. Eisenhower akatia saini tarehe 1 Agosti. Malipo yalianza Julai 1957, kwa watu wenye umri wa miaka 50 hadi 64 pekee. Wategemezi waliongezwa 1958, na sharti la umri wa miaka 50 likaondolewa 1960. Mwaka 1965 sharti la ulemavu wa muda usiojulikana lilibadilishwa kuwa miezi 12.

Mwaka 1967 Kongresi iliibana tafsiri ya ulemavu. Baadhi ya mahakama zilikuwa zimeanza kuuliza ni kazi gani hasa ambayo mwombaji angeweza kuipata mahali anapoishi. Kongresi ikaandika kwamba inatosha kazi hiyo iwepo kwa idadi kubwa katika eneo lake au katika maeneo kadhaa ya nchi. Si lazima iwepo karibu na nyumbani kwake, si lazima pawe na nafasi iliyo wazi, na si lazima mwajiri awe tayari kumwajiri.

SSI iliundwa kwa sheria iliyotiwa saini na Rais Richard Nixon mwaka 1972, ikaanza kulipwa Januari 1974. Iliunganisha misaada ya wazee, vipofu na walemavu ambayo awali iliendeshwa na majimbo kwa viwango tofauti.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ilianza kupitia upya majalada ya wanaolipwa kwa kasi kubwa. Mamia ya maelfu ya watu walikatiwa mafao, wakiwemo wagonjwa wengi wa akili, na wengi walirudishiwa baada ya kukata rufaa. Baadhi ya magavana waliagiza ofisi za majimbo yao kuacha kutekeleza mapitio hayo. Mwaka 1984 Kongresi ilipitisha sheria iliyosema kwamba, kwa kawaida, mtu hawezi kukatiwa mafao bila kuonyeshwa kwamba hali yake ya kiafya imepata nafuu inayohusiana na uwezo wa kufanya kazi. Sheria hiyo iliagiza pia maradhi yote ya mtu yapimwe kwa pamoja. Tangu 1996 uraibu wa pombe au dawa za kulevya hauwezi kuwa sababu kuu ya kupewa mafao.

## Hatua tano za uamuzi

Kila ombi la mtu mzima hupitia maswali matano kwa mpangilio. Jibu likipatikana katika hatua moja, uchunguzi huishia hapo.

1. Je, mwombaji anafanya kazi? Akichuma zaidi ya kiwango kilichowekwa, ombi hukataliwa bila kuangalia ugonjwa wake. Mwaka 2025 kiwango hicho kilikuwa dola 1,620 kwa mwezi, na dola 2,700 kwa vipofu katika SSDI.

2. Je, hali yake ni nzito? Ni lazima ugonjwa au ulemavu, au kadhaa kwa pamoja, upunguze kwa kiasi cha kuonekana uwezo wa kufanya mambo ya msingi ya kazi kama kusimama, kuinua vitu, kukumbuka maagizo au kuelewana na watu. Lengo la hatua hii ni kuondoa maombi yenye matatizo madogo.

3. Je, hali yake imo katika orodha ya SSA? SSA ina orodha ya maradhi iliyopangwa kwa mifumo ya mwili, ikitaja vipimo na dalili zinazotakiwa kwa kila ugonjwa. Anayetimiza vigezo vyote, au aliye na hali yenye uzito sawa, hukubaliwa bila kuulizwa juu ya umri au kazi. Jina la ugonjwa pekee halitoshi. Kwa mfano, kwa magonjwa ya moyo na mapafu huangaliwa matokeo ya vipimo maalumu.

4. Je, anaweza kurudia kazi aliyoifanya zamani? Tangu Juni 2024 huangaliwa kazi za miaka 5 iliyopita. Kabla ya hapo zilikuwa za miaka 15.

5. Je, kuna kazi nyingine anayoweza kuifanya? Hapa SSA ndiyo yenye wajibu wa kuonyesha kwamba kazi hizo zipo. Huzingatiwa umri, elimu na ujuzi wa mwombaji.

### Uwezo uliobaki

Kati ya hatua ya tatu na ya nne, SSA hukadiria uwezo wa kazi uliobaki, yaani kiwango cha juu ambacho mtu bado anaweza kukifanya siku nzima, siku tano kwa wiki, licha ya maradhi yake. Kazi hupangwa kwa uzito. Kazi ya kukaa ni ile isiyohitaji kuinua zaidi ya kilo 4.5 hivi, ambayo mfanyakazi huketi takriban saa 6 kati ya 8. Kazi nyepesi huruhusu kuinua hadi kilo 9 hivi na kwa kawaida huhitaji kusimama au kutembea sehemu kubwa ya siku. Juu yake kuna kazi ya wastani, nzito na nzito sana.

Makadirio hayo ndiyo kiini cha majalada mengi. Tofauti kati ya "anaweza kusimama saa 6" na "anaweza kusimama saa 2" inaweza kuamua iwapo mtu atalipwa au la. Vizuizi visivyohusu nguvu za mwili huhesabiwa pia: kutoona vizuri, mikono inayotetemeka, kusahau, hofu ya kuwa kati ya watu, au haja ya kulala kidogo mchana. Wataalamu wa ajira wanaoitwa kutoa ushahidi mara nyingi husema kwamba mtu anayekosa kazini zaidi ya siku moja au mbili kila mwezi kwa sababu ya ugonjwa hawezi kudumu katika kazi yoyote ya kawaida.

### Umri, elimu na ujuzi

Katika hatua ya tano SSA hutumia majedwali yanayooanisha umri, elimu, ujuzi na uwezo uliobaki. Mahakama ya Juu ya Marekani iliyakubali majedwali hayo mwaka 1983. Umri wa miaka 50 na 55 ndiyo mipaka mikubwa, kwa kuwa sheria inakubali kwamba mtu wa makamo hubadili kazi kwa shida zaidi kuliko kijana.

Tuchukue mfano wa mwashi wa miaka 52 aliyemaliza sekondari, asiye na ujuzi unaoweza kuhamishiwa kazi za mezani. Ikikubaliwa kwamba mgongo wake unamruhusu kazi za kukaa tu, majedwali humwelekeza kwenye jibu kwamba ni mlemavu. Mwashi wa miaka 42 mwenye mgongo kama huo, elimu hiyo hiyo na uwezo huo huo ataambiwa si mlemavu, kwa sababu anahesabiwa kuwa na uwezo wa kuzoea kazi nyingine. Ili afaulu, huyu wa pili atahitaji kuonyesha vizuizi zaidi ambavyo majedwali hayavigusi.

Hadi Aprili 2020 kutoweza kuwasiliana kwa Kiingereza kulihesabiwa pamoja na kiwango cha elimu, na kuliweza kumsaidia mwombaji wa umri wa miaka 45 na zaidi. Kigezo hicho kimefutwa. Kutojua kusoma na kuandika bado kunahesabiwa.

### Kesi ya mwendesha lifti

Ukali wa hatua ya nne ulionekana katika kesi ya Barnhart dhidi ya Thomas, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2003. Mwanamke aliyekuwa mwendesha lifti alipoteza kazi mwaka 1995 nafasi yake ilipofutwa. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 53, aliomba mafao kwa sababu ya matatizo ya moyo, shingo na mgongo. SSA ilisema bado angeweza kuendesha lifti. Yeye alijibu kwamba kazi hiyo haipatikani tena kwa wingi nchini. Mahakama, kwa kauli moja, ilikubaliana na SSA: katika hatua ya nne huulizwa tu kama mtu anaweza kuifanya kazi yake ya zamani, bila kujali kama kazi hiyo bado ipo.

Hukumu hiyo inaonyesha mpaka kati ya ulemavu na ukosefu wa ajira katika sheria ya Marekani. Kukosa kazi kwa sababu viwanda vimefungwa, au kwa sababu waajiri hawataki wagonjwa, hakumpi mtu haki ya mafao haya.

## Ushahidi

Maneno ya mwombaji juu ya maumivu yake husikilizwa, lakini hayatoshi. Ni lazima pawe na vipimo au uchunguzi unaoonyesha ugonjwa, kutoka kwa mtaalamu anayekubalika, kama daktari au mwanasaikolojia mwenye leseni. Kwa maombi yaliyopokelewa tangu 27 Machi 2017, wauguzi wenye mafunzo ya juu na wasaidizi wa madaktari wenye leseni wamo pia katika kundi hilo.

Tangu tarehe hiyo maoni ya daktari anayemtibu mwombaji hayapewi tena uzito wa pekee. Hupimwa kwa mambo mawili makuu: kama daktari ameyaeleza kwa vipimo na sababu, na kama yanaafikiana na ushahidi mwingine. Barua inayosema "mgonjwa wangu hawezi kufanya kazi" ina thamani ndogo, kwa kuwa uamuzi huo ni wa SSA. Barua inayoeleza kwamba mgonjwa anaweza kusimama dakika 15 kwa mara moja, hawezi kuinua mkono wa kulia juu ya bega, na hulazimika kulala saa mbili baada ya dawa, ikiambatana na picha na vipimo, ina thamani kubwa.

Kwa hiyo mwombaji asiyekwenda hospitali yumo katika hali ngumu. Kama sababu ni kukosa fedha au bima, kanuni zinataka jambo hilo lizingatiwe kabla ya kumhukumu kwamba hakujali matibabu. Pale kumbukumbu zinapokosekana, SSA inaweza kumpeleka kwa daktari kwa gharama ya serikali, ingawa uchunguzi huo mara nyingi ni wa mara moja na mfupi.

Taarifa za ndugu, majirani au waajiri wa zamani zinaweza kueleza maisha ya kila siku ya mwombaji. Hati za SSA huuliza juu ya kupika, kufua, kununua vitu na kutembea. Anayejibu tu kwamba "anapika", bila kueleza kwamba hupika akiwa ameketi na kupumzika mara tatu, anaweza kuonekana mzima kuliko alivyo.

## Maombi

Maombi hufanywa kwenye ofisi ya SSA ya eneo, kwa simu au kwa intaneti. Mwombaji hutoa historia ya kazi, majina ya hospitali na dawa, na hutia saini ruhusa ya kuchukuliwa kwa kumbukumbu zake za matibabu. Mkalimani hutolewa bila malipo kwa asiyejua Kiingereza.

Ofisi ya SSA huangalia masharti ya kredi au kipato. Suala la ugonjwa hupelekwa kwa ofisi ya jimbo inayolipwa na serikali kuu, ambako mchunguzi na mshauri wa tiba hufanya uamuzi. Kwa baadhi ya saratani na magonjwa adimu yaliyo dhahiri, tangu 2008 kuna utaratibu wa kuharakisha.

## Rufaa

Aliyekataliwa ana ngazi nne za rufaa, na kwa kila ngazi ana siku 60 tangu kupokea barua:

- Kufikiriwa upya, ambapo jalada huangaliwa na mchunguzi mwingine katika jimbo.
- Kusikilizwa mbele ya jaji wa sheria za utawala. Hapa mwombaji huzungumza mwenyewe, ana kwa ana, kwa video au kwa simu, na mara nyingi mtaalamu wa ajira huulizwa maswali.
- Baraza la Rufaa la SSA.
- Mahakama ya wilaya ya serikali kuu.

Wengi huchagua kuanza ombi jipya badala ya kukata rufaa. Hilo linaweza kuwapotezea malimbikizo ya miezi iliyopita, na kwa aliyefikia mwisho wa bima linaweza kumpotezea haki yenyewe.

Mwombaji anaweza kuwakilishwa na wakili au mwakilishi mwingine anayekubalika. Kwa mapatano ya kawaida, mwakilishi hulipwa pale tu mteja anaposhinda: asilimia 25 ya malimbikizo, kwa kikomo cha dola 9,200 tangu Novemba 2024.

## Baada ya kukubaliwa

SSDI huanza kulipwa baada ya kungoja miezi mitano kamili tangu ulemavu uanze. Wagonjwa wa ALS, ugonjwa unaoua neva za misuli, wameondolewa sharti hilo kwa sheria ya 2020. Malimbikizo yanaweza kurudi nyuma hadi miezi 12 kabla ya ombi. SSI hailipi miezi iliyotangulia ombi.

Anayelipwa SSDI huingia katika bima ya afya ya Medicare baada ya miezi 24 ya kustahili malipo. Wagonjwa wa ALS huingia mara moja. Wanaolipwa SSI katika majimbo mengi hupata Medicaid, bima ya watu wenye kipato kidogo.

Mpokeaji wa SSDI anaweza kujaribu kurudi kazini bila kupoteza malipo mara moja. Anaruhusiwa miezi 9 ya majaribio ndani ya kipindi cha miezi 60, achume kiasi chochote, mradi atoe taarifa. Baadaye kuna miezi 36 ambapo malipo husimama katika miezi anayovuka kiwango na kurudi asipovuka. Asiyetoa taarifa ya mapato anaweza kudaiwa arudishe fedha alizolipwa zaidi.

Majalada hupitiwa upya kwa vipindi: ndani ya miezi 6 hadi 18 pale nafuu inapotarajiwa, kila miaka 3 hivi pale inapowezekana, na kila miaka 5 hadi 7 pale isipotarajiwa. Mpokeaji akifikia umri kamili wa kustaafu, SSDI hugeuka kuwa pensheni ya uzee.

## Wahamiaji na wakimbizi

Mhamiaji aliye nchini kihalali, mwenye kibali cha kazi na kredi za kutosha, anaweza kupata SSDI. Marekani haina mkataba wa kuunganisha michango ya hifadhi ya jamii na nchi yoyote ya Afrika ya Mashariki, hivyo miaka iliyochangiwa katika mifuko kama NSSF ya Kenya au ya Tanzania haihesabiwi.

Masharti ya SSI ni makali zaidi tangu sheria za 1996. Wakimbizi, wakiwemo wengi waliotoka Kongo na wanaozungumza Kiswahili, wanaweza kuipata kwa miaka 7 tangu kupewa hadhi hiyo. Baada ya hapo malipo husimama, isipokuwa mtu amekuwa raia au ametimiza sharti lingine. Wenye ukaazi wa kudumu kwa kawaida huhitaji kredi 40, ambazo zinaweza kujumuisha za mwenzi wa ndoa, na walioingia baada ya 22 Agosti 1996 hungoja miaka 5.

SSI husimama pia mpokeaji akiwa nje ya Marekani kwa siku 30 mfululizo, jambo linalowagusa wanaosafiri kwenda msibani au kuuguza wazazi nyumbani. SSDI ya raia wa Marekani huweza kuendelea kulipwa akiwa katika nchi nyingi za nje.

## Tofauti na mafao mengine

Idara ya Maveterani huwalipa wanajeshi wa zamani kwa asilimia ya ulemavu, hivyo mtu anaweza kulipwa kwa ulemavu wa asilimia 30. Mafao ya Hifadhi ya Jamii hayana ulemavu wa nusu: mwombaji hukubaliwa au hukataliwa. Aliyeumia kazini hudai fidia kwa sheria za jimbo lake, na fidia hiyo inaweza kupunguza SSDI. Majimbo machache, yakiwemo California, New York, New Jersey, Rhode Island na Hawaii, yana bima ya ulemavu wa muda mfupi, ambao SSA hailipii.

## Ukosoaji

Lawama kubwa ni muda. Mwaka 2024 uamuzi wa kwanza ulichukua kwa wastani zaidi ya miezi saba, na rufaa huongeza miezi mingi. Katika muda huo mwombaji hawezi kuchuma zaidi ya kiwango kilichowekwa bila kuhatarisha ombi lake. Ofisi ya ukaguzi ya Kongresi (GAO) ilieleza mwaka 2020 kwamba takriban watu 110,000 walifariki kati ya miaka ya fedha 2008 na 2019 wakisubiri uamuzi wa mwisho wa rufaa zao.

Lawama nyingine inahusu kazi zinazotajwa katika hatua ya tano. Wataalamu wa ajira wametegemea kamusi ya serikali ya kazi ambayo ilisahihishwa mara ya mwisho mwaka 1991, na waombaji walikuwa wakikataliwa kwa kutajiwa kazi ambazo karibu zimetoweka. Mwaka 2024 SSA ilizuia kutumiwa kwa zaidi ya kazi 100 za namna hiyo.

Upande mwingine wapo wanaosema kwamba mpango ni mpana mno, na kwamba baadhi ya wapokeaji wangeweza kufanya kazi wakisaidiwa mapema. Mabishano hayo yanarudia swali la 1956: namna ya kumtambua asiyeweza kufanya kazi bila kumwacha mwenye haki, na bila kumlipa asiyestahili.